Fuko na Udongo Alioulilia

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakipika, wakifua na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na bonde liitwalo Kitopeni. Ndani ya bonde hilo aliishi Fuko.

Mnamjua Fuko? Ni kile kinyama cha chini ya ardhi. Macho yake madogo kama punje za ulezi, pua ina unyevu, mikono mipana kama sepetu. Huyu Fuko wangu alikuwa mjane mwenye watoto watatu: Kwaru, Chimba na Tindo. Shamba alikuwa nalo, zuri tu, mpaka siku Kiboko na Nyati walipopita wakielekea harusini. Hawakulizunguka. Walikatiza katikati, pwaa, pwaa, pwaa! Waliporudi wakakatiza tena. Wakaona njia ni fupi, wakaifanya yao. Mashimo ya Fuko yakaporomoka yote.

Fuko akabeba wanawe na masufuria yake, akahamia ukingoni mwa bonde, juu ya mwamba mtupu. Hebu fikirini, fuko anayekaa mahali pasipochimbika! Usiku walilala chini ya mkeka, mchana walijibanza kwenye kivuli cha jiwe, na chakula walikiomba kwa jirani yao Mama Kanga.

"Mama, hapa ndipo kwetu sasa?" aliuliza Tindo, kitinda mimba.

"Hapa tunapumzika," Fuko alijibu. "Kwetu napatafuta."

Haikupita wiki mbili, Korongo akapiga mbiu. Korongo ndiye aliyekuwa mtunza chemchemi ya Kitopeni. Alikuwa na miguu mirefu na shingo iliyonyooka, na hakupenda upuuzi hata kidogo. Wanyama wakakusanyika.

"Sikilizeni!" alisema. "Kiwanja cha chemchemini kipo wazi. Maji yake hayakauki hata kiangazi. Nusu yake ni jabali, nusu ni ardhi. Kwa hiyo atakayekaa hapa lazima ajue kulima kwenye vyungu, na ajue kulima kwenye matuta. Anayetaka apande vyungu vitatu vya nyanya na tuta moja la karoti. Baada ya miezi mitatu nakuja kukagua. Nani anataka?"

"Sisi!" Kiboko na Nyati waliitikia pamoja, sauti zikatikisa majani. "Tutalima pamoja na tutakaa pamoja."

"Mwingine?"

Nani atashindana na wale wawili? Kila mmoja alitazama kucha zake.

"Na mimi," kikasikika kijisauti kutoka chini.

"Nani huyo?" Nyati aliinamisha pembe zake akatafuta. "Aa! Fuko! Kaa vizuri, mama, usije ukakanyagwa."

"Nilishakanyagwa, Bwana Nyati," alisema Fuko. "Ndiyo maana natafuta kiwanja."

Wanyama wakacheka. Korongo hakucheka. Akasema, "Udongo mtautoa kule kwenye mikuyu, nyuma ya bwawa. Kuna tabaka mbili, mboji juu na mfinyanzi chini. Kesho asubuhi kila upande utachagua tabaka yake. Wakubwa wataanza kuchagua, mdogo atachukua itakayobaki. Na nitakayemsikia amechimba udongo wa mwenzake, huyo ni mwizi, atahama Kitopeni na watoto wake. Mchanga wa kijito ni wa wote."

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Fuko aliwachukua wanawe hadi mikuyuni. Akachota mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza miaka na miaka. Akaufinya kiganjani, akafumbua mkono. Udongo ukashikana kidogo, kisha ukamomonyoka wenyewe, laini, ukinukia kama ardhi baada ya manyunyu ya kwanza.

Akachimba chini yake, akatoa mfinyanzi. Akaufinya. Ukabaki tonge, kama ugali uliosongwa vizuri.

"Huo ndio mzuri, mama!" Chimba alirukaruka. "Huo una nguvu!"

"Una nguvu, ndiyo. Sasa mwagia maji."

Chimba akamwaga. Maji yakasimama juu ya tonge, yakang'aa, hayakuingia. Kwenye mboji yalizama mara moja, fyoo!

"Kwenye chungu, mwanangu, mzizi hauna pa kukimbilia. Maji yakituama, unazama palepale. Ukitaka kupanda chunguni, tafuta udongo mwepesi unaopumua."

"Na kwenye tuta?" aliuliza Kwaru, ambaye ndiye mkubwa na mwenye maswali.

"Tuta ni jambo jingine. Jua linaliwakia kutwa. Ukijaza mboji tupu itakauka na kunywea, karoti zako zibaki wazi juani. Tuta linataka udongo wenye mwili, wa kushika maji. Yaani mboji, mchanga, na mfinyanzi kidogo ndani yake."

"Basi tunahitaji vyote viwili!"

"Tunahitaji vyote viwili," alikubali Fuko, "lakini mboji kwanza. Na wale wakubwa wataanza kuchagua." Akatabasamu, meno yake mawili yakaonekana. "Kesho mtaniona nalia. Msiniulize kitu."

Asubuhi Kiboko na Nyati walipofika mikuyuni, Korongo na kijiji kizima nyuma yao, walimkuta Fuko amelala kifudifudi juu ya rundo la mfinyanzi alioufukua jana, amelikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayechukuliwa kwenda kwa shangazi asiyemjua.

"Niachieni huu!" alilia. "Jamani, wakubwa zangu, nawaomba! Niachieni huu mfinyanzi, chukueni mboji yote!"

Wale wawili wakatazamana.

"Mbona anaung'ang'ania hivi?" Nyati alinong'ona, na mnong'ono wa Nyati unasikika bonde zima. "Fuko amezaliwa udongoni. Anajua kitu huyu."

"Hebu niupime," alisema Kiboko. Akainua bonge moja. "Oho! Mzito! Huu una nguvu kama mimi." Akachota mboji, ikampeperukia puani. "Haaa-chya! Hii nayo ni nini? Takataka tu."

"Niachieni, Bwana Kiboko! Nina watoto watatu!"

"Ondoka hapa!" Nyati alimsukuma kwa pua yake. Fuko akabingirika, bingiri bingiri bingiri, hadi kwenye miguu ya Korongo.

"Mmechagua?" aliuliza Korongo.

"Mfinyanzi!" walijibu kwa sauti moja. "Wote!"

"Na mboji?"

"Apewe nani? Apewe Fuko huyo akailalie."

Fuko alijifunika uso kwa mikono yake mipana, mabega yakawa yanatikisika. Wenye huruma walidhani analia.

Kumbukeni, mboji ndiyo ilikuwa juu ya mfinyanzi. Kabla ya kuchimba walichokitaka, Kiboko na Nyati ilibidi waiondoe. Wakatafuta pa kuitupa, na kwa sababu walikuwa na roho ya kukomoa, wakaisomba kutwa nzima, mkokoteni baada ya mkokoteni, wakaimwaga mwambani kwa Fuko.

"Chukua zawadi yako!" Nyati alicheka. "Kama haikutoshi, sema!"

"Ahsanteni," alijibu Fuko kwa sauti ya unyonge. "Mwageni na pale kidogo, upande wa kivuli."

Nao wakamwaga upande wa kivuli.

Kazi ikaanza. Fuko alitafuta vyungu vitatu vya zamani, akavitoboa matundu chini, tok tok tok, akaziba kila tundu kwa kigae kimoja ili maji yapite na udongo ubaki. Akachanganya mboji na mchanga wa kijito. Mama Kanga akamletea samadi ya kuku wake na yake mwenyewe.

"Shoga, hii ya leo ni ya moto moto," Mama Kanga alisema kwa fahari.

"Basi itakaa ipoe mpaka ioze. Nipe ile ya mwaka jana."

Tindo hakusikia maneno hayo. Alitaka kumsaidia mama yake, akachota samadi mbichi kopo zima, akajaza kwenye chungu cha tatu. Baada ya siku nne miche ya chungu kile ilikuwa imeungua, majani yamekunjamana kama yamebabuliwa na moto.

Tindo alijificha nyuma ya jiwe. Fuko alimfuata, akakaa kando yake.

"Nimeiua," alisema Tindo.

"Umeiua," Fuko alisema. "Sasa tumwage, tusafishe chungu, tuanze upya. Siku nne hazitutoi roho. Ila kesho ukitaka kunisaidia, niulize kwanza."

Wakapanda upya. Vyungu vilikuwa sawa. Lakini tuta? Hapo ndipo Fuko alipokuna kichwa. Mboji alikuwa nayo na mchanga pia, ila mfinyanzi wote ulikuwa wa wakubwa, na kuuchimba ni wizi.

Mchana mmoja alikuwa amekaa akimenya muhogo wa kuomba, Kiboko akapita. Alikuwa anatoka kugaagaa kwenye shimo lao la mfinyanzi kuelekea shambani kwake, na mgongoni, tumboni, hata masikioni, alikuwa amepakaa mfinyanzi mbichi, unadondoka do! do! do!

Fuko akaacha muhogo.

"Mungu wangu, Bwana Kiboko! Tope hilo likikukaukia, litaipasua ngozi yako!"

Kiboko akasimama. "Ngozi yangu?"

"Ngozi nzuri kama hiyo! Si unawashwa?"

Kiboko hakuwa anawashwa. Lakini mtu akikuuliza kama unawashwa, unafanyaje? Ghafla akawashwa mwili mzima. "Kweli bwana! Hapa, katikati, nisipofikia!"

"Lala kidogo hapo. Wanangu, leteni madodoki!"

Kiboko akalala, puuu! Fuko na wanawe wakampanda mgongoni. Krwau, krwau, krwau, wakasugua kwa mikono na kwa madodoki.

"Aaah! Hapo! Kushoto, kushoto! Mmm... Fuko, wewe una mikono."

"Na huu uchafu, Bwana Kiboko, tuupeleke wapi?"

"Utupeni popote mnapotaka. Mimi unanihusu nini? Shingoni, shingoni hapo!"

Mama Kanga alikuwa hatua tano tu kutoka pale, ameatamia mayai yake. Aliinua kichwa, akatazama, akarudi kuatamia.

Toka siku ile, Kiboko alipita kila mchana kusuguliwa. Siku ya tatu akaja na Nyati, naye akaonja raha hiyo. Kila siku walibaki wanakoroma kwenye mwamba, na kila siku Fuko alipata debe moja na nusu la mfinyanzi bila kugusa jembe. Akauchanganya na mboji, mchanga na samadi iliyooza, akatengeneza tuta refu pembeni mwa mwamba, akapanda karoti, akawaambia wanawe, "Asilikanyage mtu. Hata mimi mkiniona nalikanyaga, nipigeni kelele."

Kule kwa wakubwa, mambo yalikuwaje? Kiboko alijaza vyungu vyake mfinyanzi mtupu, akaushindilia kwa kisigino. Hakutoboa matundu, kwa sababu alisema maji ni mali, kwa nini yatoke? Alipomwagilia, maji yalisimama juu kama kwenye kikombe. Miche ikawa ya manjano. Alidhani ina kiu, akaongeza maji. Ikalala. Jua lilipowaka, udongo ukanywea ukaachana na chungu, ukapasuka nyufa za kuingiza kidole.

Nyati naye alilima tuta, akalisawazisha kwa kwato, tipu tipu tipu, mpaka likawa gumu kama sakafu. Mbegu nyingi za karoti ziligonga kichwa chini ya sakafu hiyo na kukata tamaa. Chache zikatokeza.

"Zako zikoje?" aliuliza Kiboko.

"Zinakuja," alisema Nyati. "Zako?"

"Zinakuja."

Hakuna aliyemkagua mwenzake.

Miezi mitatu ikatimia. Korongo akaja, kijiji kizima nyuma yake. Walianzia kwa wakubwa. Korongo alichungulia vyungu vya Kiboko: kimoja kilikuwa na kijiti kikavu, kimoja kilikuwa na chura, cha tatu kilikuwa na nyanya moja, kubwa kama gololi, imeoza kitako. Akaenda kwenye tuta. Nyati alivuta karoti kwa meno, ikakatika. Akavuta nyingine kwa nguvu zake zote. Ikatoka ngumu, imejikunja, ina miguu mitatu na kitu kama mkia.

"Hii ni karoti?" aliuliza Korongo.

"Ilikuwa inakusudia kuwa," alisema Nyati kwa sauti ndogo.

Walipofika kwa Fuko, watu wakasogea karibu. Nyanya zilikuwa zimening'inia vyunguni, nyekundu, nzito, mashina yamefungiwa vijiti yasivunjike. Kwaru akashika karoti moja kwa vidole viwili tu, akavuta taratibu. Swaa! Ikatoka imenyooka, ndefu kama mdomo wa Korongo mwenyewe.

"Huyu ndiye..." Korongo alianza.

"Ngoja!" Nyati alipaza sauti. Alikuwa ameinamia tuta, pua imegusa udongo. Akaokota kidonge kidogo chenye kung'aa. "Mfinyanzi! Huu ni wetu! Mwizi! Fuko ni mwizi!"

Kelele zikazuka. Tindo akamshika mama yake sketi. Fuko alijua neno moja baya tu litamtoa Kitopeni na watoto wake. Lakini alinyoosha mgongo, akapanda juu ya jiwe apate kuonekana.

"Bi Korongo, ulikataza kuchimba. Mimi sikuchimba."

"Mfinyanzi umefikaje hapa basi?" Korongo aliuliza, jicho moja limemtazama Fuko, jicho jingine tuta.

"Umekuja na wenyewe. Bwana Kiboko, mimi na wanangu tulikuwa tunakusugua mgongo, kweli si kweli?"

Kiboko alijikuna. "Kweli."

"Siku ya kwanza nilikuuliza uchafu ule niupeleke wapi. Ulinijibu nini?"

Kiboko alitazama juu, akatazama chini, akatazama miguu yake.

"Sikumbuki vizuri."

"Mimi nakumbuka!" Mama Kanga alijitokeza mbele, vifaranga kumi na moja nyuma yake. "Nilikuwa nimeatamia hawa. Alisema, utupeni popote mnapotaka, mimi unanihusu nini? Kisha akasema, shingoni, shingoni hapo!"

Vicheko! Watu wakashika mbavu. Kiboko akawa mwekundu hadi tumboni.

"Kweli," alisema mwishowe. "Nilisema."

"Na mimi je?" Nyati alifoka. "Mimi sikusema!"

"Ulikuwa unakoroma," alisema Mama Kanga. "Ulikuja siku ya tatu na hukukataa."

Nyati alizunguka mara mbili akitafuta pa kushika. "Hata hivyo, ametudanganya! Siku ile mikuyuni alilia, akagaagaa, akasema mfinyanzi ndio udongo bora!"

Korongo akamgeukia Fuko. "Ulisema hivyo?"

"Sikusema," alijibu Fuko. "Wote mlikuwapo. Nilisema, niachieni huu, chukueni mboji yote. Wangeniachia tu, Bi Korongo. Wangenihurumia siku ile moja, mboji ingekuwa yao na leo ningekuwa mimi ndiye niliyevuna chura."

Kila mmoja alirudisha kumbukumbu hadi mikuyuni, akasikia upya yale maneno. Na kweli, ndivyo alivyosema. Hata Nyati alikumbuka.

Korongo alikohoa kidogo kuficha kicheko. "Mfinyanzi mliubeba wenyewe hadi hapa, mkasema utupwe popote. Mboji pia mliibeba wenyewe, na mliimwaga upande wa kivuli kama mlivyoelekezwa. Sijawahi kuona vibarua wazuri kama nyinyi. Kiwanja cha chemchemi ni cha Fuko."

Vigelegele vikapigwa, Mama Kanga na kuku wake wakipokezana. Jioni ileile Fuko alihamia chemchemini na vyungu vyake, Kwaru akibeba mkeka, Chimba akibeba masufuria, Tindo akishika nyanya moja tu kwa mikono miwili, asiidondoshe. Walipofika upande wa ardhi, Fuko hakungoja hata kupanga vyombo. Aliingiza mikono yake mipana ndani ya udongo na kuanza kuchimba nyumba, fukufuku, fukufuku, na wanawe watatu wakamfuata kwa furaha mpaka ikabaki mikia tu.

Hadithi imefika nyumbani nami nimefika nayo, wanangu, na funzo lake ni hili: anayechagua kwa kuijua kazi huvuna, na anayechagua kwa kumkomoa mwenzake hubaki na matope.